Maneno Yaliyozaliwa na Sikio

Bila shaka, msomaji, umefundishwa darasani kwamba mzigo mzito huanguka chini pu, kwamba mtu aliyechoka hulala fofofo, na kwamba usiku usio na mwezi huwa mweusi tititi. Maneno ya namna hii huitwa tanakali za sauti, na wengi wetu tulio walimu huyafundisha kama mpishi afundishavyo matumizi ya chumvi: tia kidogo katika insha ipate kukolea, wala usizidishe. Mimi nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Leo nataka kukuonyesha kwamba maneno yaliyozaliwa na sauti yana kazi nyingine iliyo kubwa kuliko kukoleza insha, nayo ni kutunza habari za watu ambao hawakupata kuandika habari zao wenyewe.

Sikuijua kazi hiyo mpaka nilipokosolewa na mtoto. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni, kalamu yangu nyekundu bado ina wino mwingi na kiburi kingi. Nilipewa darasa katika shule moja ya huku Kaptagat, na siku moja nikawaagiza wanafunzi waandike habari za mzee yeyote wa nyumbani kwao. Msichana mmoja aliandika juu ya babu yake, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya ngano ya walowezi, na jinsi asubuhi moja alivyosikia tingatinga likija katika ukungu. Nililikata neno hilo popote lilipotokea, nikaandika juu yake “trekta”, na pembeni nikaongeza: “Neno la kitoto.”

Msichana hakubisha mbele ya wenzake. Alingoja kengele ilie, akaja mezani kwangu ameshika daftari kwa mikono miwili, akasema, “Samahani, Mwalimu. Babu hakusikia trekta. Alisikia tingatinga. Nikiandika trekta, nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.”

Nilimwambia aende zake, nami ningelifikiria jambo lile. Nimelifikiria tangu siku hiyo, na makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Nianze mbali kidogo, na neno la Kiingereza, maana wako watu wadhanio kwamba kuzipa mashine majina kwa sauti ni desturi ya wasio na elimu tu. Mwaka 1884, Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani aliyehamia London, alibuni bunduki ya namna ambayo haikuwapo kabla. Bunduki yoyote ikipigwa humrudishia mpigaji kishindo begani. Maxim alikitumia kishindo hicho: nguvu ileile iliyokuwa ikimuumiza mtu bega sasa ilitoa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, ikatia risasi mpya, na kuifyatua, tena na tena, maadamu kidole kimekaa mahali pake. Risasi kama mia tano zilitoka kwa dakika moja. Baadaye kampuni yake ilitengeneza silaha iliyokuwa kubwa zaidi kwa ufundi uleule. Hiyo mdomo wake ulikuwa na upana wa milimita 37, nayo haikutupa risasi bali vikombora vidogo vyenye kulipuka, kila kimoja uzito wake karibu nusu kilo.

Makaburu wa Transvaal waliinunua. Mwezi wa Oktoba 1899 vita vilipoanza kati yao na Waingereza huko Afrika Kusini, askari wa Kiingereza walijikuta wakipigwa kwa silaha wasiyoweza kuiona. Baruti mpya ya wakati huo haikutoa moshi mwingi, na Makaburu walikuwa hodari wa kuficha mizinga yao nyuma ya mawe ya vilima. Yule askari aliyelala kifudifudi katika nyasi hakuwa na la kumwambia ni nini kinachomjia isipokuwa sikio lake, na sikio lilimwambia: pom, pom, pom, pom. Basi silaha ile ikaitwa “pom-pom”. Waingereza wenyewe walipoagiza za kwao kutoka kiwandani upesi upesi, waliendelea kuziita hivyohivyo, ingawa katika vitabu vya jeshi zilikuwa na jina refu lenye uzito wa kikombora ndani yake. Vita vilikwisha mwaka 1902, lakini neno halikwisha. Katika vita vikuu vyote viwili vya dunia, mizinga ya manowari za Kiingereza iliyotumiwa kupigia ndege iliitwa pom-pom vilevile, ijapokuwa ilikuwa mikubwa kuliko ile ya Makaburu.

Hapa nikutahadharishe, maana katika kamusi ya Kiingereza utakutana na pompom nyingine, yaani lile shada la nyuzi lililo juu ya kofia ya sufu. Wewe uliyekulia katika baridi yetu ya mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari unalijua vizuri. Boshori nyingi za watoto wa hapa zinalo. Hilo limetokana na neno la Kifaransa, halina uhusiano wowote na mzinga. Maneno mawili yaweza kufanana uso bila ya kuwa ndugu.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili nacho kina neno lake, nalo ni bombom, yaani bunduki ya mashine. Tazama jinsi lilivyo karibu na lile la Waingereza, tofauti yake ikiwa ni herufi moja ya midomo tu. Wala usishangae, kwa maana chombo kilichosikiwa kilikuwa cha ukoo mmoja, na masikio ya binadamu hayana kabila.

Bunduki ya Maxim ilifika katika milima hii kabla ya reli. Wanandi, majirani zetu, walianza kupambana na Waingereza mwaka 1895, na kwa miaka kumi walizuia njia, wakakata nyaya za simu na kuzigeuza mapambo, wakachukua vyuma vya reli na kuvifanya silaha. Walikuwa na mikuki, ngao na ujuzi wa misitu. Upande wa pili, hasa katika msafara mkubwa wa mwaka 1905, ulikuwa na bunduki za Maxim. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la King's African Rifles, alipofika kwenye mkutano ulioitwa kuwa wa mapatano. Baada ya hapo upinzani ule ulivunjwa.

Mwaka huohuo, kusini katika nchi iliyokuwa chini ya Wadachi, kulikuwa na vita vya Maji Maji. Watu walikuwa wamepewa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu yao waliishambulia boma ya Mahenge mchana kweupe, nao wakapokewa na bunduki za mashine. Waliokufa walikuwa mamia. Maofisa na wamisionari waliandika taarifa za siku ile, nazo zimesomwa na wenye kuandika vitabu. Lakini wale walioipanda ile njia ya boma hawakuacha taarifa. Waliosalia miongoni mwao walikuwa na kumbukumbu ya macho na kumbukumbu ya masikio, na kumbukumbu ya masikio hukaa katika maneno.

Ndiyo sababu nakuomba, ukikutana na neno lililozaliwa na sauti, ujiulize: ni nani aliyesikia, na alikuwa amesimama wapi? Mwenye kiwanda aliiita silaha kwa jina lake mwenyewe. Mtunza ghala aliiandika kwa upana wa mdomo wake. Aliyekuwa mbele yake aliiita kwa sauti yake, kwa kuwa hakuipata isipokuwa sauti, na kile kilichofuata sauti.

Lakini nisikupotoshe kwa kulifanya jambo hili kuwa jepesi kuliko lilivyo. Neno bombom halikuwa la waliopigwa peke yao. Jeshi la King's African Rifles lilianzishwa mwaka 1902, na askari wake wengi walikuwa Waafrika. Jeshi lenyewe waliliita Keya, jina lililotokana na jinsi herufi zake tatu za mwanzo zinavyotamkwa na Mwingereza. Askari wa Keya walilala nyuma ya bunduki ya mashine, si mbele yake tu. Na katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia mwaka 1914, wapagazi wa Afrika Mashariki walibeba vichwani vipande vya bunduki hizo pamoja na masanduku ya risasi, kupita mabwawa na misitu. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na sikio la Kiswahili likalifanya jina hilo kuwa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi. Leo watu hununua nyanya na viondo mahali hapo bila ya kukumbuka kwamba wanalitaja jeshi la wabeba mizigo, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Kiswahili kina neno jingine pia kwa bunduki hiyohiyo, nalo ni rashasha. Hili halikutoka katika sikio. Asili yake ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya kunyunyiza, na ndugu yake unamjua tangu utotoni: ni ile mvua ya rasharasha ambayo hapa Kaptagat hutunyeshea tangu mawio hata machweo bila ya kuloweza udongo. Aliyeipa bunduki jina la rashasha alikuwa akitazama jinsi risasi zinavyotawanyika kama matone, au alilipokea jina kwa aliyetazama hivyo. Kwa hiyo tuna maneno mawili juu ya chombo kimoja, la kunyunyiza na la kishindo. Mimi hulitumia rashasha ninapoeleza kazi ya silaha, na bombom ninapoeleza siku ya vita; lakini hiyo ni hiari yangu tu, si kanuni ya sarufi.

Mwaka 1908 Makaburu wenyewe walikuja Uasin Gishu. Baada ya kushindwa katika vita vyao, baadhi yao waliihama Transvaal. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Walishuka Mombasa, wakasafiri kwa gari la moshi hata Nakuru, kisha wakalipanda Bonde la Ufa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, matope yakifika kwenye mihimili ya magurudumu. Ardhi waliyogawiwa haikuwa tupu wala haikuwa yao, lakini hiyo ni habari ya makala nyingine. Mashamba yalipimwa na kupewa namba. Katika shamba namba 64 palitokea posta, kisha maduka, kisha mji. Waingereza waliokuwa wakitaja namba hiyo walisema “sixty-four”, na wenyeji wakasikia “Sisibo”. Mwaka 1912 mji ulipewa jina rasmi la Eldoret, lakini mpaka leo wako wazee wanaokwenda sokoni Sisibo.

Katika mashamba hayo ndiko alikofanya kazi babu wa yule mwanafunzi wangu. Nilikwenda kumwamkia mwishoni mwa muhula uleule, nikamwomba msamaha kwa ajili ya wino wangu. Alicheka, akaniambia niketi.

“Mwalimu,” alisema, “sisi tulilima kwa ng'ombe. Kila plau ilikuwa na jozi nyingi, na mbele alitembea kijana wa kuwaongoza. Kijana huyo alikuwa mimi. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, huoni hata pembe za ng'ombe aliye karibu nawe. Tukasikia: tinga, tinga, tinga. Ng'ombe wakasimama. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika shamba jingine akasema, ‘Ndilo hilo. Sasa tutaambiwa twende nyumbani.’ Lilikuwa halijatoka ukunguni bado.”

“Mliambiwa mwende nyumbani, mzee?”

“Hawakungoja hata mavuno yaishe. Wale wa ng'ombe tulikuwa wengi. Lile tingatinga lilimtaka mtu mmoja.”

Msomaji, lisikilize neno hilo tena kwa sikio la fundi. Trekta za siku hizi hazisemi tinga, tinga. Hunguruma mfululizo, kwa sababu injini zake huwa na silinda nne au sita, na milipuko yake hufuatana kwa haraka kiasi ambacho sikio haliwezi kuitenga. Nyingi za trekta za zamani zilikuwa na silinda mbili, na nyingine moja tu, kubwa na za mwendo wa polepole, hata uliweza kuihesabu milipuko kama mapigo ya ngoma. Huko Marekani, trekta za John Deere za silinda mbili zilipewa na wakulima jina la utani la “Johnny Popper” kwa ajili ya mlio huohuo. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza kwa kuuza Marekani mwaka 1960. Kwa hiyo neno tingatinga limehifadhi mlio wa injini ambayo karibu imetoweka duniani. Neno trekta, ambalo nililiandika kwa wino mwekundu kana kwamba ndilo lenye elimu, maana yake katika asili ni kitu kinachokokota. Halikuambii lolote juu ya asubuhi ile.

Neno hili limesafiri pia. Huko Tanzania tingatinga aghalabu ni lile dubwana la kusukuma udongo na kufungua barabara. Hapa Kenya liliingia hata katika siasa: katika uchaguzi wa mwaka 1997 chama cha NDP kilitumia trekta kuwa alama yake, na mgombea wake wa urais, marehemu Raila Odinga, akapata jina la Tinga ambalo wafuasi wake waliliimba kwa miaka mingi baada ya chama chenyewe kuvunjwa. Lakini ukienda Dar es Salaam na kuonyeshwa picha za Tingatinga, zenye chui na ndege wa rangi kali, usitafute injini. Hilo ni jina la mtu, mchoraji Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972.

Mtego wa namna hii ni mwingi, nami nimemwona mwanafunzi akitumbukia. Aliniandikia kwamba bodaboda ni tanakali ya sauti kama pikipiki, kwa kuwa maneno yote mawili yamerudufiwa. Pikipiki kweli ni mlio: ni injini ndogo ikitema moshi. Bodaboda si mlio. Ni wito wa waendesha baiskeli wa Busia, waliokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha mpaka wa Kenya hadi kile cha Uganda, wakilitaja kwa sauti lile neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli hazina mlio wa boda. Nalo tuktuk, la magurudumu matatu, ni mlio kweli, lakini waliousikia kwanza na kuupa jina hawakuwa sisi, bali watu wa Bara la Asia. Sisi tumepokea sikio lao pamoja na chombo chao. Kwa hiyo kurudufiwa kwa neno hakutoshi kuwa ushahidi. Lazima umtafute aliyesikia, ujue alisikia nini.

Yule msichana nilimrudishia daftari lake. Nilikuwa nimeyafuta masahihisho yangu kadiri wino ulivyokubali kufutika, na mahali palipobaki doa niliandika upya “tingatinga” kwa mkono wangu. Alilipokea bila ya kusema neno. Baadaye alimaliza shule, na sasa anafanya kazi mjini Eldoret.

Alikuja kunisalimu likizo iliyopita. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya msituni, saa kumi na mbili za asubuhi, wakati ambapo wakimbiaji wetu hupita kwa makundi na husikii ila miguu na pumzi. Walipokwisha kupita, nilishtuka kuona pikipiki imesimama ubavuni pangu. Sikuwa nimeisikia ikija. Ilikuwa moja ya hizi mpya za umeme, ambazo huenda bila ya kunguruma.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema kutoka kiti cha nyuma, akishuka. Nilipokwisha kuitikia, aliitazama ile mashine iliyomleta, kisha akanitazama mimi, akicheka.

“Hii tuiiteje, Mwalimu? Haisemi piki.”

Mwendeshaji, kijana ambaye hakujua tunachocheka, aliigusa taa yake kwa fahari. “Mama, hii ni pikipiki,” akasema. “Ni mia mbili.”